Dada Agripina na Paka Wake Kitenge

Dada yangu Agripina, aliyetutoka mwezi wa tatu, alitunza maabara ya shule ya sekondari hapa Kinampanda kwa miaka ishirini na sita. Hakuolewa. Nyumbani aliishi na paka jike wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, aliyemwita Kitenge.

Jirani yetu Mzee Alute hakumpenda paka huyo. Vifaranga wake saba walipokufa ndani ya wiki moja, alikuja uani na fimbo. Mimi nilikuwa nimekuja likizo.

"Agripina, mnyama wa rangi tatu ametumwa. Jumamosi namuua."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Namuua."

"Basi kesho njoo maabara umwone vizuri kwanza."

Nilibeba Kitenge kwenye kapu. Dada alimpangusa kwa pamba ndani ya shavu, akapaka kwenye kioo. Akampangusa Mzee naye, aliyelalamika kwamba pamba ina ladha ya hospitali. Akadondoshea vioo vyote viwili dawa ya bluu, akaviweka chini ya hadubini kimoja baada ya kingine.

"Niambie kipi ni chako."

Mzee alifumba jicho moja, akachungulia sana. "Naona vitu kama chapati, kila moja ina doa katikati."

"Hizo ni seli. Doa ni kiini, ndimo inamokaa habari ya mwili wote, hata rangi ya manyoya. Kitenge akiwa tumboni mwa mama yake, kila seli ya rangi ilishika nyeusi au chungwa, ikazaa za namna yake. Pale peupe rangi haikufika. Mungu alimuumba hivyo, hakuna aliyemtuma."

"Changu ni hiki cha kwanza," Mzee alisema. "Seli zake zimetulia, za mtu mwenye heshima."

"Hizo ni za Kitenge, Mzee."

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Mke wangu asisikie!"

Jumamosi ikapita. Bwana mifugo alisema vifaranga waliuawa na kideri, ugonjwa wa kuku.

Tulipomzika dada, nilibaki na Kitenge mikononi. Ninapopanga, kule Utemini, mwenye nyumba hataki paka. Niliomba usiku na asubuhi Mungu anionyeshe pa kumwacha. Siku ya kuanua matanga Mzee Alute aliingia na kapu, macho mekundu.

"Mwalimu wangu amekwenda," alisema. Dada hakuwa mwalimu, ila tangu siku ile alimwita hivyo. "Nipe huyo ndugu yangu."