Fungu la Butoyi

Maharage yakiiva kisha yakamiminiwa mawese, mvuke wake huwa mzito. Haupai, unakaa. Juzi jirani yangu hapa Kasulu alikuwa anapika, harufu ile ikapita ukuta ikanikuta naanua nguo, na mkono wangu ukaziba mdomo kabla sijajua kwa nini. Binti yangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni moshi. Yeye bado mdogo, na tunalala chumba kimoja, sitaki aanze kuniangalia usoni usiku. Ninyi ni watu wazima, nitawaambia.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Kanisa lilimtoa Kasulu mjini likampeleka kufungua kazi katika kijiji kimoja karibu na Munanila, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaviona vilima vya Burundi, na jioni unauona moshi wa meko yao. Sisi Waha na wale Warundi lugha zetu ni ndugu kabisa. Mtu alitukanwa upande ule akakasirika upande huu bila mkalimani. Baba alihubiri kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya Biblia yake, halafu Mama akawaeleza wanawake kwa Kiha, nje ya kanisa, kile ambacho mumewe alikuwa amekusudia kusema. Baba alikuwa mtu wa maombi marefu. Ugali ulipoa mbele yetu akiwa bado anawaombea wafalme wa dunia. Mama aliomba kwa ufupi, na kauli yake tuliijua sote: ukishasema amina, inuka.

Mwaka ule wa 1993, mvua zilipokuwa zimeshika, watu walianza kushuka kutoka vilimani. Kwao kulikuwa kumeharibika. Walikuja na magodoro vichwani, na mbuzi, na watoto waliokuwa wameacha kulia. Nakumbuka mwanamume mmoja aliyebeba mlango. Mlango tu, bila nyumba. Baba alisimama kizingitini mwa kanisa akaanza kuomba kwamba Bwana awafungulie wageni hawa mahali, na alipofika kwenye amina akakuta Mama na wanawake wenzake wameshatoa mabenchi nje na kutandika majani makavu sakafuni. Lile sufuria kubwa la harusi likatolewa stoo. Kuanzia siku hiyo kanisa letu lilinuka mablanketi mabichi, moshi wa mkaratusi, na maharage.

Katika watu hao alikuwamo mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aliyekuja na mtoto wa kiume wa umri wa kung'oka meno ya kwanza. Tulimwita Mama Bukuru, kwa jina la mtoto. Mama aliwachukua akawaleta nyumbani kwetu kwa sababu mtoto yule alikuwa amekonda kuliko wote na alikataa kula. Si kwamba chakula kilimshinda. Alikitazama, akakisogeza.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu, kama kwao, mapacha tunawaita mahasa, na majina yao hayachaguliwi. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, awe wa kike au wa kiume. Na mahasa hawapunjwi. Ukimnunulia mmoja nguo, umnunulie na mwenzake, siku ileile. Hata ukimchapa mmoja, yule mwingine naye ataguswa na fimbo, na mimi niliwahi kumwona pacha mmoja akilia kwa makosa ya nduguye kama vile hiyo ndiyo haki yenyewe. Wazee walisema ukimnyima mmoja, yule mwingine ataondoka amfuate. Na pacha akifa hakuna anayelia wala kusema amekufa. Husemwa ameenda kuchota maji.

Butoyi, pacha wa Bukuru, alikuwa msichana. Walipokuwa wanavuka, mama yao alimbeba mvulana mgongoni na msichana akamshika mkono. Watu walikuwa wengi, njia ilikuwa nyembamba na mto umejaa, na kulipopambazuka upande wetu mkono wake ulikuwa mtupu. Alirudi kumtafuta mpaka wanaume wakamzuia. Hakuna aliyeona mtoto akianguka, wala hakuna aliyemwona akifika.

Kwa hiyo kila Mama alipompa chakula, Mama Bukuru alikigawa mara mbili juu ya majani ya mgomba, fungu la Bukuru na fungu la Butoyi, sawasawa. Bukuru alikaa akisubiri mwenzake ale. Fungu la pili likapoa, siafu wakalijia, naye akalisukuma lake mbali. "Butoyi hajala," alisema. Ndilo neno pekee nililomsikia akilisema siku zile za mwanzo.

Baba hakupendezwa. Alikuwa amehubiri sana dhidi ya mambo ya mahasa, akiyaita mizimu, na sasa mizimu ilikuwa inaandaliwa chakula ndani ya nyumba yake. Alimwekea mtoto mikono kichwani akaomba mpaka sauti ikamkauka. Bukuru alisikiliza kwa adabu, kisha hakula. Muuguzi wa zahanati ya misheni alipita, akasema apewe uji kwa kijiko, kidogo kidogo. Uji aliuweka mdomoni, na mtu alipogeuka akautema. Miguu yake ilianza kuvimba. Muuguzi alimvuta Mama pembeni akamwambia kwamba mtoto wa namna hiyo hamalizi wiki nyingi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia.

Siku hiyohiyo mchana, Mama akichambua mchele wa wagonjwa, Mama Bukuru alikuja akapiga magoti mbele yake.

"Mama Yunisi," alisema, "wewe una binti. Niazime, aje ale fungu la mwenzake. Mwanangu akimwona anakula, atakula."

Yunisi ni mimi. Vidole vya Mama viliendelea kutafuta mawe ndani ya mchele.

"Utamwitaje?" aliuliza.

"Nitamwita Butoyi."

Baba alikuwa mlangoni. Alisema taratibu, kwa ile sauti aliyoitumia msibani, kwamba Yunisi ni mtoto aliyebatizwa, haiwezekani akale badala ya marehemu, na tena marehemu mwenyewe hatuna hakika naye. Mama akamwambia kwamba kwa sababu amebatizwa ndiyo maana anaweza kwenda, nani atamchukua? Aliyasema bila kutetereka. Halafu akanigeukia.

"Nenda ukae pale. Ukiitwa, itika."

Nilienda. Sitadanganya, njaa ilikuwa imesaidia. Wageni walikuwa wengi na mafungu yetu yalikuwa yamepungua, na mimi nilikuwa mtoto mwenye tumbo lisilo na itikadi. Mama Bukuru aliliweka jani mbele yangu, maharage yanang'aa mawese, akaniita: "Butoyi." Nikaitika. Nikala. Bukuru alinitazama tonge la kwanza, la pili. Kisha mkono wake ukatoka polepole, akachukua, akatafuna, akameza. Mama yake aligeukia ukutani. Mama yangu alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameshika nguzo ya jiko kwa mikono miwili.

Siku za mwanzo nilijiona nina bahati. Nilikula kwetu, nikala na kwa marehemu, nikanawiri wakati wenzangu wanakonda, nao wakanionea wivu waziwazi. Ila kula peke yake hakukutosha. Bukuru alitaka tulale mchana mkeka mmoja. Mama yake akinipaka mafuta alinipaka kwa kipimo cha mwanawe, akinivuta masikio kama alivyozoea kumvuta yule, na nywele zangu alizisuka kwa mtindo wa kwao. Bukuru alipopata nguvu alianza kuzungumza. Aliniuliza kama namkumbuka yule beberu mwenye pembe moja, na siku tulipoanguka kwenye shimo la ndizi. Nilisema ndiyo, kwa kuwa niliambiwa niitike. Lakini baada ya muda, wasomaji wangu, nilianza kumkumbuka. Nilimwona beberu yule. Niliijua harufu ya lile shimo, utamu wa ndizi zinazoiva gizani na majani makavu juu. Hata leo namwona, na sijawahi kuvuka mpaka maishani mwangu.

Nikaanza kuota mto. Niliota mkono ulionishika, na watu wanaosukumana. Nilipoamka sikulia, kwa sababu mahasa hawaliliwi, na katika akili yangu ya kitoto niliogopa kwamba nikilia nitakuwa nimekwisha kufa.

Mama aliona. Alianza desturi ambayo mimi niliifanya mchezo. Nikirudi jioni kutoka upande wa wageni, alisimama mlangoni akaniita kwa jina langu, "Yunisi," na hakunipisha mpaka niitike. Jioni moja aliniita, nikasimama nikimtazama nikisubiri huyo Yunisi aje. Aliniita tena. Nikacheka, nikadhani amebadilisha mchezo.

Kisha malori yakaja. Ilitangazwa kwamba wageni wote watahamishiwa kambini Mtabila, ambako kuna mahema na chakula cha kutosha. Bukuru alikuwa amenenepa mashavu, miguu imerudi. Asubuhi ile Mama aliniogesha mwenyewe na kunipaka mafuta, akachukua muda mrefu kuliko kawaida, akanivalisha gauni la Krismasi ingawa Krismasi ilikuwa imepita. Alichemsha viazi vitamu akawafungia vya njiani.

Tulisimama kando ya lori, asubuhi nyeupe, jua linawaka. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshushwa na watu wanapanda. Bukuru alikuwa ameushika mkono wangu, na kwa jinsi alivyoushika, ilikuwa wazi kwamba sisi wawili tunaondoka. Mimi mwenyewe sikuona ajabu. Nilikuwa na mguu mmoja karibu na tairi. Nilimtazama Mama pale chini ya upenu wa kanisa, nikisubiri aniite kama alivyoniita kila jioni. Alikuwa amejifunga kanga mpaka kidevuni. Hakuniita. Baba alikuwa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza sikuona midomo yake ikisogea.

Mama Bukuru alichuchumaa mbele yangu. Alinifuta uso kwa kiganja, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni.

"Butoyi, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Nilikushika. Watu wakasukumana. Sikukuachia mimi. Sasa nakuachia. Ubaki na amahoro, ubaki na amani."

Akalia. Mama wa mahasa akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na wanawake wa kwao walioijua desturi wakainamisha vichwa, kisha mmoja akaanza naye kulia, na mwingine. Akavibandua vidole vya Bukuru kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wangu.

Bukuru hakupiga kelele. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Alifungua kile kifurushi, akatoa kiazi, akakikata katikati kwa mikono, akanipa nusu. Ile nusu yake akaing'ata palepale. Hakusubiri kuona kama nimekula. Akapanda lori huku anatafuna, na lori likaondoka.

Mama aliniita baadaye, lori lilipokwisha kupotea. Aliniita mara nyingi. Baba alinibeba mpaka ndani, naye jioni ile aliomba maneno machache kuliko yote niliyowahi kumsikia. Yale yaliyobaki ndani yangu yalibaki. Butoyi ni jina la kawaida huku kwetu. Mtu akiliita sokoni Kasulu mimi hugeuka, na wakati mwingine nimekwisha kuitika. Mama Bukuru na mwanawe sikuwaona tena. Mtabila ilifungwa, watu wakarudi kwao, na sikuwahi kusikia habari zao.

Kwa miaka mingi nilielewa kisa hiki kama mtoto anavyoelewa: nilitumwa nikale ili mwingine ale. Nilipojifungua binti yangu ndipo nilipojua kwamba sikuazimwa kwa ajili ya Bukuru peke yake. Mama yake alihitaji uso wa kuuaga. Mto haukumpa nafasi hiyo, Mama yangu akampa.

Lakini lile la upenuni lilinisumbua. Kabla Mama hajafariki, akiwa ameshachoka mwili ila akili timamu, nilimwuliza kwa nini siku ile hakuniita, na angefanya nini kama ningepanda. Nilitarajia acheke, aseme asingeniacha kamwe.

Alifikiri kwanza. "Nilikutoa mwenyewe," alisema. "Ukimpa Mungu kitu, huwezi kusimama mlangoni unakivizia. Sijui kama ningepata sauti ya kukuita. Asubuhi ile nilipokuogesha, mwanangu, nilikuwa nakuaga."

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani kwamba kando ya lile lori, mama aliyemuaga binti yake alikuwa mmoja.