Neno Kaimu

Mtu hukaimu cheo kwa muda gani kabla hakijawa chake? Mzee aliniuliza hivyo siku ya kwanza, tukiwa verandani kwake Lavington. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na bintiye, aliyekulia hapa Nairobi, alinitaka niandike wasifu wa babake.

Alikuwa amehudumu katika ufalme mdogo ulio mbali na hapa. Kaimu waziri wa barabara, kisha wa maji, kisha wa elimu, mpaka nywele zikawa nyeupe. Mfalme alivunja baraza la mawaziri mzee akiwa kwenye mkutano katika hoteli moja hapa Westlands. Hakurudi kwao. Kiswahili alifundishwa na bawabu wake, aliyempigia saluti hata mzee akitoka kununua maziwa. Nilipoiona saluti hiyo mara ya kwanza nilicheka.

"Usicheke, madam," bawabu aliniambia. "Huyu si kama hawa wetu. Huyu husema asante."

Rasimu ilipokuwa karibu kuisha, mzee alirudi kutoka hospitali Upper Hill, miguu imevimba, akaniomba jambo moja.

"Binti yangu, toa hilo neno kaimu. Andika waziri."

"Mzee, uliwahi kuthibitishwa?"

"Bado."

"Bado? Baraza lilivunjwa nikiwa shule ya msingi."

Alitabasamu kidogo. "Litoe tu."

"Kwa nini?"

"Kwetu hilo halielezwi na mwenyewe."

Nilikataa. Nilikuwa nimechoka na wanasiasa wanaojipachika vyeo, na niliamini ukweli haupindwi hata kwa ajili ya mgonjwa. Hakubishana. Aligeuza uso akatazama ukuta wa jirani.

Alifariki wiki hiyo. Bintiye aliniomba nisome wasifu makaburini, kwenye manyunyu. Nilipolitamka lile neno, wazee watatu wa kwao waliokuja walitazamana, kisha wakainamisha vichwa. Nikadhani ni huzuni, nikaendelea kusoma.

Miaka baadaye nilikutana na mmoja wa wazee wale kwenye foleni ya benki, nikamuuliza kwa nini walitazamana siku ile. Alinieleza. Katika ufalme wao kila waziri huapishwa akiwa kaimu, kwa sababu hakuna ajuaye atamalizaje. Neno hilo huondolewa siku ya mazishi, mara moja tu, na anayeliondoa ni yule anayesoma wasifu.