Maji Baina ya Nyota

Betri za redio zikianikwa juani hutoa harufu yake, ya bati lililopata moto, na mimi nikiipata harufu hiyo popote pale nafika Bagamoyo bila nauli. Mnisamehe. Wenzangu hukumbuka kwao kwa harufu ya udi na halua, mimi kwa betri.

Betri zenyewe zilikuwa za Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe baharia alimletea redio, na kwa kuwa betri zilikuwa ghali, alizianika mchana juu ya ukuta wa ua ili zipate nguvu za jioni. Alasiri ikishapita, mama yangu na majirani walikusanyika uani kwake kusuka ukili wa mikeka. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya habari. Walichokingoja ni taarabu iliyofuata baadaye, na habari ikisomwa wao walizungumza tu, wakipandisha sauti kumshinda msomaji.

Aliyekuja kwa ajili ya habari ni mimi. Nilikuwa darasa la tano, mwaka ule wa sitini na tisa, kabla watu hawajatua mwezini. Shuleni kwetu kila wiki mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kusikiliza taarifa ya habari jioni na kuisimulia asubuhi mstarini. Nilikuwa msichana wa kwanza kupewa kazi hiyo, basi nilijiona waziri. Nilikaa sikio limegusa redio, nikiwanyamazisha watu wazima kwa mkono, adabu zote zimenitoka.

Jioni moja, mwisho kabisa wa habari, msomaji alisema wataalamu huko Amerika wamegundua maji mbali sana angani, ndani ya mawingu yaliyo baina ya nyota. Si maji ya kuteka, alieleza, ni mvuke, na waliutambua kwa mawimbi yaliyonaswa na chombo kilichoundwa mfano wa sinia kubwa. Nyuma yangu uani walikuwa wakibishana juu ya harusi ya Kaole, nani kapakuliwa nyama na nani kapewa ukoko. Niligeuka nikawatazama. Maji yameonekana kwenye nyota, na wao wamo kwenye ukoko!

Asubuhi nikaitanguliza habari hiyo mbele ya zote. Walianza kucheka darasa la saba, kisha shule nzima. Mmoja akapaza sauti kwamba visima vyetu vya mjini vina chumvi, basi tubebe ndoo twende huko. Mwalimu Kibwana, aliyekuwa wa zamu, hakucheka. Alikuwa kijana, nadhifu, na taarifa ya habari aliiheshimu kama hotuba ya Ijumaa, ila jioni ile hakuisikia. "Njia ya mwongo fupi," alisema. Akaamuru kesho yake nisimame palepale niseme kwamba nimetunga. Nikikataa, kazi ya habari nisiiguse tena, wala msichana mwingine asipewe.

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa sababu wasichana wenzangu waligeuka wote kunitazama.

Nilifika nyumbani macho yamevimba. Baba alikuwa Saadani kununua ng'onda, samaki wakavu wa biashara yake, kwa hiyo nilimweleza mama. Hakuuliza maji gani wala nyota ipi.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Haya, nenda kale."

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu mama. Mchana hakutoka. Wanawake wa nyumba zetu wakati ule wakitaka kitu dukani walimtuma mtoto, na wakitembeleana ilikuwa jioni. Shuleni hakupata kukanyaga, hata siku ya kuandikishwa nilipelekwa na baba. Basi asubuhi ile tumejipanga, jua limeshawaka, nikaona mabuibui mawili yanaingia langoni taratibu, mama mbele, Bi Mwanaidi nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Salamu zilichukua muda wake. Mwalimu alimwamkia Bi Mwanaidi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa hali ya wazazi wake na ya waliomzaa mama yake, na shule nzima imesimama. Kisha mama akasema, kwa sauti ya chini iliyofika hadi darasa la kwanza:

"Mwalimu, nimeambiwa leo mwanangu atasema kwamba ni mwongo. Tangu nimzae sijapata kumsikia akilisema hilo. Nimekuja nisikie."

Mwalimu alikohoa. "Kwani mama, nanyi mliisikia hiyo habari?"

"Redio ni yangu," akadakia Bi Mwanaidi, kifua mbele. "Na betri zangu."

Mama akamshika mkono. "Tusikudanganye, mwalimu. Sisi tulikuwa twazungumza harusi, hatukusikia neno. Aliyekuwa akisikiliza ni huyu."

Nilidhani ameniangamiza. Shahidi gani huyo? Mwalimu akaniambia nitoke mbele niseme. Nikatoka. Mama alikuwa amesimama pembeni, upindo wa buibui umejaa vumbi, amenikazia macho. Nikaisema habari yote upya, maji, mvuke, mawingu, nyota na sinia, wala sikupunguza hata kidogo. Safari hii hakuna aliyecheka. "Rudi mstarini," alisema Mwalimu Kibwana, na la kutunga hakulitaja tena, wala la kazi yangu. Mama akaaga kwa adabu, wakaondoka na mwenziwe taratibu vilevile.

Siku chache baadaye basi la Dar es Salaam lilileta gazeti lenye habari ileile. Mwalimu, nampa haki yake, aliisoma mwenyewe mstarini, akasema nilisema kweli, na kazi yangu akanirudishia. Aliyepewa baada yangu alikuwa msichana. Nilikimbia hadi nyumbani kumwambia mama kwamba gazeti limenitakasa. Akaniambia nivue sare kabla sijala.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa fahari ya lile gazeti, mimi na wataalamu wa Amerika upande mmoja, shule nzima upande wa pili. Mpaka siku moja, mama keshakuwa mtu mzima sana, nimekaa kitandani pake nikimkanda miguu, nikamuuliza angefanyaje lau gazeti lisingekuja.

Safari ya shuleni aliikumbuka yote, jua lake, na haya aliyoiona kupita mbele ya wanaume barazani mchana kweupe.

"Gazeti gani?" akaniuliza.

Niliendelea kumkanda, machozi yananitoka kwa fahari. Kumbe miaka yote hiyo yeye hakuwa akingoja kuthibitishiwa.