Sindano ya Mutahi Mdogo

Mzee Mutahi wa Endarasha alilima viazi, alifuga ng'ombe, na aliamini sindano. Hospitali iliyompa vidonge peke yake aliiona kuwa duka tu. Mwaka wa 1996 Wachuka, mke wa mwanawe, alipojifungua mtoto wa kiume, wa kwanza katika nyumba ile, mtoto alipewa jina la babu kama ilivyo desturi ya Wagikuyu. Tangu hapo mzee akawa anasema habari za mtoto kana kwamba aliyezaliwa ni yeye.

Chupa ya uzazi ya Wachuka ilikuwa imepasuka mapema mno kabla ya uchungu, na mtoto wa namna hiyo huweza kupata maambukizi. Zamani wote walidungwa dawa za kuua viini bila swali. Daktari mpya wa hospitali aliagiza kwamba aliye mzima aangaliwe kwanza.

"Ati mnaangalia?" mzee akamwuliza Sista Gladwell, muuguzi wa zamu. "Mnaningojea nigonjeke ndio mnidunge?"

"Mzee, wewe uko sawa. Umenyonya, umekojoa, umelala. Dawa ni ya mgonjwa. Nikikudunga bure utaumia bure, na tumbo yako iharibike."

Wodi nzima ikacheka. Mzee hakucheka. Aliapa kwamba asipodungwa kufikia jioni, atajibeba mwenyewe hadi kwa mwuza dawa sokoni, ambaye hakumnyima mtu sindano.

"Akimbeba siwezi kumzuia," Wachuka akamnong'oneza Sista. "Ni baba mkwe."

Sista akamwekea mzee kiti. "Basi kaa hapa ujilinde. Ukikataa kunyonya, ukipumua mbio, ama joto ikipanda, niite."

Heshima haikumruhusu mzee kumtazama Wachuka akinyonyesha, kwa hiyo alikaa ameelekea ukutani, akiuliza, "Sasa ninanyonya?"

"Unanyonya, Baba."

Mtoto alipopiga chafya, akamwita Sista. Alipopiga miayo, akamwita tena.

Alasiri Wachuka alimwachia mzee mtoto, akaenda kuoga. Aliporudi, mtoto alikataa ziwa, na mwili wake uliwaka moto.

"Si nilisema!" mzee akalia.

Sista akapima joto, lilikuwa juu. Hakubishana. Akatayarisha dawa, kisha akaanza kutafuta paja la kudunga. Akaondoa shali. Chini ya shali palikuwa na blanketi. Chini ya blanketi, koti zito la mzee. Na miguuni mwa mtoto, kofia ya mzee ya sufu.

"Mzee, nani amekufunga hivi?"

"Baridi ya hapa unaijua, Sista. Nilikuwa nasikia baridi."

Sista akaweka sindano kando, akamwacha mtoto na shuka moja. "Nitapima tena. Joto isiposhuka, nakudunga."

Mzee alingoja amesimama, akitetemeka kwa kukosa koti, asijue aombe lipi, joto lishuke au adungwe. Kipimo cha pili kikaonyesha joto limeshuka. Wachuka akampakata mtoto. Mzee akageukia ukuta upesi. Safari hii hakuwa na haja ya kuuliza. Mtoto alinyonya kwa kishindo kama ndama, hata kitanda cha mwisho kikasikia.

"Sista," mzee akasema, bado ameelekea ukutani, "hiyo dawa rudisha kwa kabati. Nilikuwa nimejifunika sana."

Akanyoosha mkono nyuma, apewe koti lake.