Bwana Kioo Abana Video ya Baba

Mtaani walimwita Bwana Kioo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa mpiga video wa harusi, na kwake picha yenye ukungu ilikuwa kosa la jinai. Nani alilia, nani alinuna, hayo hayakumhusu. Yeye alihesabu kope za bibi harusi. Sauti hakuijali kabisa. "Mwenye maneno apige simu," alisema.

Basi baba yake, mwalimu mstaafu, akaambiwa na daktari kwamba uvimbe wa kooni lazima utolewe, na sauti itakwenda nao. Dada yake Bwana Kioo alikuwa kazini ng'ambo, ruhusa amenyimwa. Akaomba kitu kimoja tu: sauti ya baba ya kuweka.

Mzee akavaa koti, akaketi sebuleni, akaongea dakika tisa mbele ya kamera. Bwana Kioo hakushika hata neno. Alikuwa anapambana na mng'ao wa kipara, na mara tatu alimkatiza: "Baba, inua kidevu kidogo."

Faili likatoka kubwa mno, na mtandao wa dada ulikuwa wa kubembeleza. Ikabidi alibane, yaani alipunguze ukubwa. Akajifungia ofisini, kwenye kichumba chenye feni moja iliyoelekezwa kwenye kompyuta, si kwake. Akabana, ndevu za baba zikawa uji. Akafuta, akabana tena. Mara ya saba akapata wazo, akatabasamu peke yake: aliinyang'anya sauti karibu nafasi yake yote kwenye faili, akaipa picha. Akakagua bila spika, kama kawaida yake. Kila mkunjo wa shingo ulionekana. Akatuma, kisha akafuta faili kubwa na kuisafisha kadi ya kamera, maana kesho yake kulikuwa na harusi.

Jibu la dada lilifika mzee akiwa ameshapasuliwa.

"Kaka, baba namwona mpaka vinyweleo vya masikio. Mbona anaongea kama yumo ndani ya pipa la maji? Nitumie nyingine."

Nyingine haikuwepo. Bwana Kioo alijiona mjinga, na kwa mara ya kwanza alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata alikwenda wodini na kompyuta yake, akakiri kosa. Mzee, bandeji shingoni, akaitazama video yote akifuata midomo yake mwenyewe. Picha ilikuwa safi, kwa hiyo hakupotewa na neno. Akaandika kurasa nne za daftari, kwa mwandiko wa ubaoni. Bwana Kioo akazipiga picha moja moja ili amtumie dada, akijipa moyo kwamba ubora nao umesaidia. Alianza kuzisoma alipofika ukurasa wa mwisho, tena kwa kukagua tu kama herufi zinaonekana vizuri.

"Na huyu kaka yako aliyeshika kamera," mzee alikuwa ameandika, "mwambie nampenda sana. Nimemwambia mara tatu hapa hapa, ananijibu niinue kidevu."