Karanga za Uyole

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu. Wakutubi tuliitwa semina Iringa. Mkufunzi, binti wa juzi tu, akatuambia tukague vitabu vyote kila mwaka. Nikasimama nikifoka: “Ndugu Mkufunzi, maktaba yangu Mbeya haijapoteza hata ukurasa! Unatufundisha kazi tuliyozeekea?”

Wenzangu wakanipigia makofi. Kichwa kikavimba. Wakati wa chai nikamsogezea karanga nilizonunua Uyole nikisubiri basi, zikiwa bado kwenye karatasi aliyozifungia muuzaji.

“Kula, mwanangu, upate nguvu za kufundisha.”

Akala moja. Ya pili hakuila. Akazimimina mezani, akainyoosha ile karatasi, akaiinua wote waione.

“Mzee, muhuri huu si wa maktaba yako?”