Honi Mbili za Ryoba na Mashine ya Wati Tatu

Ryoba Marwa wa Nkende alipewa masikio ambayo Mungu alipomaliza kuyatengeneza alikaa chini akapumzika. Miaka thelathini alilinda hoteli moja ya watalii kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na katika miaka yote hiyo hakupita simba ambaye Ryoba hakumjua ameshiba au ana njaa, kwa kumsikiliza tumbo tu. Chui akipiga miayo ng'ambo ya mto, Ryoba anamwambia mpishi afunge dirisha. Nkende wanasema siafu wakikatiza uani kwake huvua viatu.

Lakini masikio hayo yalikuwa na njaa yao. Mama yake, Waisiko, alifariki Ryoba akiwa bado ananyonya. Sauti ya kila mnyama wa Serengeti aliijua, sauti ya mama yake hakuijua.

Dada yake, Teresia, ndiye aliyeijua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne siku ile padri mmoja alipokuja nyumbani na mashine ya kunasa sauti, akamnasa baba yao, mzee Marwa, akipiga iritungu, lile zeze letu la nyuzi nane. Mkanda ule ulizunguka kwenye makabati ya misheni miaka na miaka, mpaka sista mmoja akauhamishia kwenye simu ya Ryoba.

"Mama yumo humo," Teresia alisema. "Alikaa nyuma ya baba, karibu na mlango. Alisema kitu. Mimi nilikuwepo."

Ryoba akasikiliza kwa simu. Akasikiliza kwa redio. Akaazima hadi spika ya kanisa. Baba yupo, iritungu ipo, mama hayupo. Na Teresia sasa ana miaka sabini na moja, kifua kinambana kila masika. Akiondoka huyo, hata mama akisikika, nani atasema ndiye?

Basi, hoteli ilipobomoa ukumbi wake wa zamani wa dansi, wafanyakazi waliambiwa kila mtu achukue anachotaka. Wengine walibeba vitanda. Wengine mabati. Kulikuwa na godoro la watu sita, halijatoboka. Ryoba akaliruka godoro, akachukua spika mbili za honi, kongwe kuliko yeye mwenyewe, kila moja na mdomo mpana kama mlango wa zizi. Mbuzi wa jirani aliingia katika ile ya kushoto Jumatatu, akatoka Jumatano, amenenepa.

Boke, mke wake, hakulisahau lile godoro.

"Mwenzako Nikolaus analala kama waziri," alimwambia. "Mimi nimeletewa matarumbeta ya siku ya kiyama."

"Mama watoto, hizi zinasikia."

"Zinasikia nini? Kuku wangu wanataga humo."

Na ni kweli, kuku walitaga humo. Spika bila amplifaya ni banda tu.

Fundi alikuwa Hamidu, mwenye kibanda cha redio pale pale Nkende, na baba yake kabla yake alikuwa fundi wa redio. Ryoba alikwenda na dume lake la ng'ombe kwa kamba, la kubadilishana, akalifunga kwenye nguzo mbele ya kibanda.

"Shikamoo mzee Ryoba. Dume la nini?"

"Marahaba. La kununulia amplifaya."

Hamidu alikuwa nazo mbili, zote za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa yaliyofunikwa majivu. Moja ilikuwa kubwa, wati sitini kila upande, na valvu nene kama mahindi ya Nyamongo. Nyingine aliiunda mwenyewe kwa mabaki ya redio za zamani. Ndogo. Wati tatu. Ungeiweka juu ya kigoda na bado ukapata pa kukaa.

Ryoba akachagua kama anavyochagua mtu yeyote wa kwetu aliyekulia mnadani. Akaizunguka ile kubwa. Akaipapasa mgongo. Akainama kuiangalia tumbo. Akaiinua upande mmoja kupima uzito, akaguna kwa furaha.

"Hii."

"Mzee, kwa honi zako mimi ningekupa hii ndogo."

"Nikupe dume, unipe mwanambuzi?"

"Sikiliza kwanza. Honi zile ukizipa wati moja tu zinasema mpaka sokoni. Hazitaki kusukumwa. Hii kubwa imetengenezwa kwa spika nzito, spika za kulazimisha. Ukiiunga pale, zitakuimbia muziki, halafu zitakuimbia na tumbo la mashine yenyewe."

"Hamidu, wewe huna ng'ombe. Huwezi kuelewa."

Hamidu akacheka, akaipakia ile kubwa kwenye toroli. Lakini na ile ndogo aliivika kitambaa akaipandisha pia, na dume wakarudi nalo uani kwa Ryoba, likafungwa nguzoni mpaka mashine isikike.

Asubuhi ile uani kwa Ryoba kuku walihamishwa, mayai yakatolewa, kumi na moja kutoka honi ya kulia peke yake. Teresia aliletewa kiti, fimbo mapajani. Mashine kubwa ikawashwa, simu ikaunganishwa, na iritungu ya mzee Marwa ikatoka.

Jamani! Bati liliinuka likakaa tena. Ng'ombe wa jirani alikata kamba akaelekea Sirari, wengine wanasema alionekana ng'ambo ya mpaka akiongea Kiswahili cha Kenya. Watu walisimama barabarani wakipiga makofi. Ryoba kifua mbele, kama yeye ndiye aliyepiga.

Wimbo ukaisha. Akamgeukia dada yake.

"Baba yupo," Teresia alisema. "Mama hayupo."

"Rudisha," Ryoba alisema. "Ongeza."

Wakaongeza. Mara ya tatu Teresia akashika kichwa. "Naumwa kichwa, mdogo wangu. Nirudisheni nyumbani. Labda niliota."

Hilo ndilo lililomwingia Ryoba. Akasimama akiwa mdogo ghafla.

"Mzee," Hamidu alisema polepole, "nazima muziki. Mashine naiacha inawaka. Ingiza kichwa kwenye honi."

Ryoba akaingiza kichwa mpaka mabega. Ndani kulinguruma. Kulifoka kama nyuki waliochokozwa, na juu ya nyuki mvua ya bati. Mtu aliyewahi kumsikia chui akipiga miayo alikuwa hasikii kitu kingine. Akatoa kichwa, uso umebadilika.

"Huyu dume wako," alisema, "anakoroma."

Hamidu akafunua ile ndogo. Akaiunga. Valvu zikawaka taratibu, nyekundu.

"Ingiza tena."

Ryoba akaingiza kichwa. Akakaa. Akakaa sana.

"Haijawashwa," Boke alisema.

"Imewashwa, mama."

"Mbona kimya?"

Ryoba akatoka taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya ibada kwisha. "Humo ndani," alinong'ona, "ni kama Ikoma kabla ndege hawajaamka."

Muziki ukarudi. Bati halikuinuka safari hii. Ila mzee Marwa alikuja akakaa pale uani, maana ulisikia kucha zake kwenye nyuzi, ulisikia ngozi ya iritungu ikikaza, ulisikia akimeza mate. Boke alitazama nyuma kuona kama wageni wamekaribishwa. Waliokuwa barabarani wakavua kofia, hawajui kwa nini.

Halafu, nyuma ya nyuzi, karibu na mlango, mtoto mchanga akalia.

Teresia akasimama bila fimbo.

Na juu ya kilio kile, sauti ya mwanamke, ya chini, yenye kicheko kilichobanwa ili padri asisikie. *Kira*, ilisema. Nyamaza. *Kira, Ryoba.*

"Ndiye," Teresia alisema. "Huyo ndiye. Na huyo anayepiga kelele ni wewe."

Mzee wa miaka hamsini na saba, aliyewahi kumfukuza simba kwa tochi, akaitika. "Mama." Akaitika kama mtoto aliyeitwa kutoka uani aje kula.

Hapakuwa na aliyecheka. Hata dume kwenye nguzo liliacha kucheua.

Boke akajifuta macho kwa kanga, akasema hilo godoro Nikolaus alilalie tu.

Ryoba akafungua kamba ya dume, akamwekea Hamidu mkononi. Hamidu akasita. "Mzee, kwa hii ndogo dume hili ni kubwa mno."

"Shika," Ryoba alisema.

Simu ilikuwa imenyamaza. Teresia alikwishakaa, amesogeza kiti mpaka mdomoni mwa honi.

"Rudisha pale kwa mama," alimwambia mdogo wake. "Hata enzi zile alikuwa hakuiti mara moja ukasikia."